Umechaguliwa CR? Usianze kama nilivyoanza mimi

Nilichaguliwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, mwaka wa kwanza hapa chuoni Dodoma kwa sababu moja tu, siku ile nilikuwa naongea sana. Na kichwani mwangu kiongozi alikuwa ni yule kiranja wa bwalo wa sekondari, anaandika majina ya wapiga kelele halafu anapakuliwa maharage ya chini ya sufuria, yale mazito. Nikasema haya, zamu yangu imefika.

Wiki ya tano hivi lecha akanipigia saa tatu usiku, testi ya Ijumaa imeletwa kesho Alhamisi asubuhi. Nikatupia kwenye grupu, nikalala. Kesho yake tunatoka kwenye testi tunakutana na jamaa mmoja mlangoni, vumbi hadi magotini, kapanga geto Ng'ong'ona na anakuja kwa miguu, ananiuliza "CR, leo kulikuwa na nini?" Simu yake kitochi, haina WhatsApp. Hajawahi kuwa kwenye grupu hata siku moja na mimi wiki tano zote sikujua. Ilibidi nikasimame naye nje ya ofisi ya lecha siku mbili mpaka akapewa testi yake peke yake, na pale kwenye korido ndo nikaanza kujifunza hii kazi.

Kwa hiyo wewe anza na kaunta buku, sio grupu. Wiki ya kwanza pita kwa kila mtu, andika jina, namba, anakaa wapi, simu yake ni ya aina gani, na nani anakaa karibu naye. Wale wa kitochi na wale ambao bando kwao ni la msimu, kila mmoja mpe jirani wa kumgongea mlango. Ukituma taarifa subiri hao majirani wakujibu "nimemwambia", usihesabu tiki za bluu, mtu anaweza kufungua meseji yako huku anapanda daladala na asikumbuke chochote.

Lecha akikupa taarifa mrudishie hapohapo kwa mdomo, siku, saa na venyu. Saa hasa! Ratiba imeandikwa 2:00, hiyo ni saa nane mchana, lakini kuna mtu atasoma saa mbili na atafika asubuhi peke yake akae na upepo wa Dodoma mpaka akuchukie. Andika "saa nane mchana" kwa maneno, kila mara, hata wakikucheka.

Hela. Hapa ndo ma-CR wengi tunaharibikia. Civics tulikariri kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilikataza kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, na ahadi ya mwana TANU ilisema cheo ni dhamana, nikaandika kwenye mtihani nikapata vema yangu basi. Sasa nimeshika michango ya hendauti, njaa imebana, bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, halijatoka, nikala chipsi mayai kwa hela ya watu nikijisemea nitarudisha. Nilirudisha kweli, ila zile siku nne kila mtu akiniita "CR" moyo unaruka. Mchango ukikusanywa asubuhi, mchana uwe umefika stesheneri, risiti piga picha weka kwenye grupu, na kushika hela mpe mwingine kabisa, wewe baki na orodha.

Kuhamisha kipindi usikubali kwa kelele za benchi la nyuma, wale ni sita tu ila wanasikika kama arobaini. Pitisha karatasi. Dada mmoja wa darasani kwetu alikuwa hasemi kitu, karatasi ilipofika kwake ndo tukajua Jumamosi anauza zabibu na mama yake na ada inatoka hapohapo.

Babu yangu kule Mpwapwa alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mimi mtoto nilichokuwa naona ni kiti, kwenye sherehe yeye anawekewa kiti sisi tunakaa kwenye mkeka. Likizo ya juzi nimelala kwake, saa nane za usiku mlango unagongwa, mke na mume wamegombana, na mzee wa watu ubalozi alishauacha miaka mingi! Kaamka, kavaa koti, katoka. Asubuhi nikamuuliza walikuwa wanagombania nini, akaniambia nile mlenda wangu.

Kingine, rimoti ya projekta. Betri nunua mwenyewe, weka mbili begini na usimwambie mtu unazo, la sivyo zitaishia kwenye redio ya hosteli.