Kutengeneza mashine pepe ya Linux ya kujaribia kodi usiyoiamini

Kuna kijana alinijia kwenye fremu yangu hapa Ngamiani, Tanga, laptopu kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Alichukua skripti mtandaoni ya kusafisha faili za muda akaiendesha, picha zake na kazi za chuo zikaanza kupotea anaona kwa macho yake, na flashi ya dada yake iliyokuwa imechomekwa ikafutwa nayo. Nikaifungua ile skripti, nikakuta mstari mmoja umeandikwa hivi:

rm -rf $FOLDA/*

Na hiyo FOLDA hakuna mahali ilipopewa thamani, kwa hiyo kompyuta ikasoma rm -rf /* yaani futa kuanzia kwenye mzizi, mfumo ukabaki kwa sababu hakuwa ruti (yule yuza mkuu mwenye mamlaka yote) lakini kila faili lililokuwa lake likaenda. Aliyeiandika hakuwa hata na nia mbaya, kasahau tu mstari. Tangu siku hiyo kila kijana ninayemfundisha naanza naye na hiki ninachowaandikia hapa, mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya laptopu yako, kabla ya Python yenyewe.

Kwanza angalia laptopu. RAM ya GB 8 inatosha vizuri, ya GB 4 inawezekana ila funga brauza kwanza. Kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza CPU, utaona neno Virtualization, likiwa Disabled ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe, Intel wanaita VT-x na kwenye AMD mara nyingi imeandikwa SVM.

Halafu daunlodi VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, ni ya bure, na Debian, ambayo ni aina ya Linux, ile ya netinst. Faili la netinst halifiki GB 1 ila wakati wa kuinstoli linavuta vitu vingine, kwa hiyo weka bando la kutosha au subiri la usiku. Likishashuka fungua Command Prompt kwenye folda lilipo, uhakiki kwanza:

certutil -hashfile debian.iso SHA256

Badala ya debian.iso andika jina la faili lako. Linganisha herufi zinazotoka na zile za faili la SHA256SUMS kwenye tovuti ya Debian, ikitofautiana hata moja futa ushushe upya, bando likikata katikati hii hutokea sana.

Sasa fungua VirtualBox utengeneze mashine kwa faili hilo. Mimi naiita maabara, RAM MB 2048, prosesa 2, diski GB 20, na usiogope hizo 20 maana faili la diski linakua kadiri unavyojaza, halichukui zote siku ya kwanza. Usitumie Unattended Installation, ili uinstoli mwenyewe. Paswedi ya ruti iache wazi, hapo Debian itampa yuza wako wa kwanza sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri kama ruti. Ikifika kwenye orodha ya programu ondoa desktop, baki na standard system utilities, mashine inakuwa nyepesi mno.

Ikiwaka ingia, weka vifaa vyako kisha tengeneza yuza asiye na sudo:

sudo apt install python3-venv git
sudo adduser mgeni

Kodi zote za watu ataziendesha mgeni, siyo wewe.

Hapa sasa naomba tulia, maana wengi wanajenga nyumba nzuri alafu wanaacha madirisha wazi. Zima mashine, ingia Settings. Shared Folders iwe tupu kabisa, kwa sababu folda uliyoishea na maabara ikiruhusu kuandika, ile rm inafika mpaka kwenye Windows yako. Shared Clipboard weka Disabled, Drag and Drop vilevile, USB usiunganishe chochote. Na mtandao, watu wanadhani NAT, ule mtandao ambao VirtualBox inaupa mashine yenyewe, ni ukuta, siyo, NAT inazuia wa nje kuingia lakini kodi iliyo ndani inaweza kutoka, ikafika intaneti na hata vifaa vingine vya waifai ya nyumbani. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: washa mtandao, vuta kodi kwa git (programu ya kushusha kodi), kata mtandao, ndo uendeshe. Kukata ukiwa kwenye Windows, fungua Command Prompt (siyo PowerShell) kwenye folda ya VirtualBox uandike:

VBoxManage controlvm maabara setlinkstate1 off

Ukitaka kuurudisha weka on. Pip nayo, ile ya kuinstoli vifurushi vya Python, iangalie, pip install inaweza kuendesha kodi ya kifurushi palepale kabla hujaimpoti, hesabu kwamba umeshaiendesha.

Kabla ya kodi yoyote ya kigeni kuingia, mashine ikiwa imezimwa, piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya mashine ilivyo ili uweze kuirudia:

VBoxManage snapshot maabara take safi

Baada ya hapo washa, ingia moja kwa moja kama mgeni, vuta kodi, kata mtandao, kisha endesha na kikomo cha muda ili isikugandie:

timeout 60 python3 jaribu.py

VirtualBox yenyewe isasishe kila toleo jipya likitoka, kumewahi kupatikana matundu ya kutoka ndani ya mashine pepe kuja nje, na virusi halisi usivilete kwenye laptopu yenye kazi zako hata kama umefuata yote haya.

Ukimaliza zima, kisha:

VBoxManage snapshot maabara restore safi

Ni sekunde chache tu. Washa, ingia tena kama mgeni, andika ls kuona faili zilizopo. Isipotoa kitu, maabara iko tayari kwa kodi nyingine.