Kupanga picha za uchunguzi wa maiti kwa akili mnemba

Wenzangu wa mochwari, hivi ndivyo ninavyofanya hapa Bukavu.

1. Anza na saa ya kamera. Sisi tuko UTC+2, Kinshasa UTC+1, yaani saa moja nyuma yetu. Kamera yangu ilikuja ikiwa na saa ya Kinshasa, sikuangalia. Picha zikaonyesha mwili uko mezani kabla haujapokelewa, na wakili akaling'ang'ania hilo hadi jioni.

2. Piga picha ya karatasi ya namba ya kesi mwanzo na mwisho wa kila mwili. Andika namba kubwa kwa kalamu nene, maana programu itazisoma ili itenganishe kesi. Katikati: mwili mzima, kisha sehemu, kisha karibu, bila rula na yenye rula.

3. Kabla programu yoyote haijagusa faili, kokotoa alama ya SHA-256 ya kila picha (mfuatano mrefu wa namba na herufi ambao kompyuta huutoa kutokana na faili), uichapishe na kuiweka kwenye jalada. Picha ikibadilishwa hata kidogo, alama haitalingana tena. Diski ya asili fungia kabatini. Akili mnemba ipewe nakala tu.

4. Usipandishe picha hizi mtandaoni, hata kwenye huduma ya bure. Marehemu ana mama yake. Mimi natumia CLIP, modeli iliyotolewa na OpenAI mwaka 2021: ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, ikilinganisha picha na maneno. Inaelewa Kiingereza, basi lebo naziandika kwa Kiingereza na jedwali dogo linazigeuza.

5. Lebo ziwe za vitu na viungo: uso, mkono, mgongo, nguo, rula. Majina ya majeraha usiipe programu kabisa. Baada ya kifo damu hutuama upande wa chini wa mwili, na doa lake hufanana na mchubuko. Kwenye ngozi nyeusi mchubuko wenyewe hujificha. Mara nyingine ni lazima nikate ngozi ndipo nione kama damu imeingia ndani ya nyama. Picha haina kisu. Neno “mchubuko” likishaandikwa na mashine, hakimu atalisoma kama langu.

6. Programu ikipendekeza kufuta picha zinazofanana au zenye ukungu, kataa.

7. Pitia zote kwa macho. Kila sahihisho liwe na tarehe na jina lako. Naanza na folda ya “haijulikani”, kwani humo huangukia picha za karibu mno, ambazo bila kuona iliyotangulia hata mimi siwezi kusema ni kiganja au unyayo.