Kompyuta ya mezani haina waifai? Usitoboe ukuta kwanza

Ruta iko sebuleni, kompyuta iko chumbani na nyuma ina tundu la waya tu. Kabla hujanunua waya wa mita 20 na kuita fundi aje na drili, chukua simu yako ya Android, iunge kwenye waifai ya nyumbani, zima data (usisahau hapa, mi nilisahau bando likaisha usiku mmoja, kumbe Windows inajiapdeti zake kimyakimya), halafu ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti uwashe ile ya kushea intaneti kwa USB. Basi, uko hewani. Ikigoma badili waya, kuna waya zinachaji tu hazipitishi data.

Ila simu utaihitaji, kwa hiyo baadaye nunua adapta ya waifai ya USB. Vile vidogo kama ukucha vilivyoandikwa 150 Mbps mara nyingi vinashika mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz peke yake, kama nyumba zimebanana na kila jirani ana ruta utateseka, bora uongeze hela kidogo upate inayoshika na 5 GHz, tena yenye antena. 5 GHz ina spidi lakini kuta zinaimaliza, ukiwa mbali na ruta rudi kwenye 2.4.

Sasa kosa la wengi ni kuichomeka nyuma ya kompyuta, bati la kesi linaziba mawimbi, na ikikaa jirani na diski ya USB 3.0 inayofanya kazi ndo kabisa, zile zinatoa mawimbi ya kuvuruga hukohuko kwenye 2.4. Tafuta waya wa kuongezea USB wa mita moja, adapta ikae juu ya meza.

Windows 10 na 11 mara nyingi inaitambua yenyewe. Isipoitambua, kwenye boksi kuna kasidii ka draiva (programu ya kuifanya kompyuta iielewe adapta), na kompyuta yenyewe haina pa kuingizia sidii, sasa si vichekesho hivi? Rudia ule ujanja wa simu, dauniload draiva kwenye tovuti ya waliotengeneza adapta, instoo, kisha bonyeza alama ya mtandao chini kulia, chagua waifai yako, weka pasiwedi.

Na kama hutaki habari za draiva kabisa, nunua ripita (kifaa cha kurudufu waifai) yenye tundu la LAN, yaani la waya wa intaneti, yenyewe inashika waifai halafu unatoa kiwaya kifupi hadi kwenye kompyuta, hata iwe ya zamani vipi haitajua kuna waifai, inaona waya tu.