Kabla hujaanza kupima mionzi wanayokula madaktari wa Cathlab (chumba cha kutibu moyo kwa kuangalia eksirei)

Wengi wakisikia kupima mionzi wanawaza kuagiza baji tu (kile kipimo kidogo cha mionzi kinachovaliwa mwilini), imeisha. Kumbe baji ndo kitu rahisi kuliko vyote, kazi ipo kwenye kujua itavaliwa wapi na kuhakikisha haibaki kwenye droo.

Anza na miale yenyewe inatoka wapi. Daktari anayepitisha katheta (mrija mwembamba wa kwenye mishipa) hapigwi na eksirei ya moja kwa moja (labda mkono uingie kwenye picha, na unaingia sana tu), anapigwa na ile inayogonga mwili wa mgonjwa ikatawanyika, na kwa kuwa tyubu inayotoa eksirei mara nyingi iko chini ya kitanda na yeye kasimama kulia kwa mgonjwa, ubavu wake wa kushoto ndo unakula zaidi. Mgonjwa akiwa mnene mashine inajiongezea nguvu, mtawanyiko unapanda.

Kwa hiyo agiza baji mbili kwa kila mtu, moja kifuani ndani ya aproni ya madini ya risasi, nyingine nje, shingoni, upande wa kushoto. Zipe rangi tofauti kabisa, maana hesabu ya dozi ya mwili mzima inayotumika sana inachukua nusu ya dozi ya ndani inajumlisha na 0.025 ya dozi ya nje, sasa zikibadilishana tu umempa daktari dozi ambayo hajawahi kuipata. Ile ya nje pia inakupa picha ya macho, na macho siku hizi sio ya kuchezea: mwaka 2011 ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho toka milisievati (kizio cha dozi ya mionzi) 150 kwa mwaka mpaka 20, wastani wa miaka 5, sababu ni mtoto wa jicho. Vidole kikomo ni milisievati 500 kwa mwaka, pete ya kupimia inavaliwa ndani ya glavu na kipimo kielekee tyubu, uliza mapema inatakaswaje.

Usisahau baji ya kulinganishia, ile isiyovaliwa na mtu. Ikae ofisini mbali na chumba cha mashine, maana inachosoma kinatolewa kwenye dozi zenu, ukiiweka karibu mtapunguziwa wote dozi kwenye karatasi.

Maabara inayosoma baji ongea nayo mapema, Tanzania kuna TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki) pale Arusha, na kwa kazi hii omba kubadilisha baji kila mwezi, miezi mitatu ni mirefu mno, kosa unaligundua watu wameshasahau walifanya nini. Manesi na watu wa usingizi nao wamo, tena wao wanageuka geuka na aproni zingine zinaziba mbele tu. Mjamzito apate baji ya tumboni ndani ya aproni, kikomo cha mtoto ni milisievati 1 kwa muda wote uliobaki wa mimba.

Halafu daftari. Kila kesi andika dakika za fluroskopi (eksirei ya video), namba ya KAP (kipimo cha mionzi yote iliyotolewa kwa mgonjwa) inayoonyeshwa na mashine, nani alisimama wapi, pazia la risasi lilishushwa au lilikuwa pambo. Bila hivyo dozi ikipanda mtabaki kubishana tu.

Na mkubaliane kabla nani atamfuata bosi asiyevaa baji, maana daktari mwenye kesi kibao kwa mwezi akileta baji ya shingoni inasoma sifuri, hiyo sio habari njema hata kidogo, hakuivaa, na mtu mdogo hawezi kumwambia.