Kupandikiza koklea kwa kuongozwa na picha: hatua kwa hatua

Nyuma ya mfereji wa sikio, kati ya neva ya uso na neva ndogo ya ladha, kuna nafasi ya mfupa yenye upana wa takriban milimita 2.5. Hapo hupita elektrodi ya kipandikizi, yaani uzi mwembamba unaoingizwa kwenye koklea (kiungo cha kusikia cha sikio la ndani) ili kuamsha neva ya kusikia kwa umeme. Ukiiumiza neva ya kwanza, mgonjwa anaamka uso umepooza upande mmoja. Ukikata ya pili, ladha ya upande ule wa ulimi inaharibika.

Kwa sikio la kawaida, daktari aliyezoea anatosheka na hadubini. Mfumo wa picha, yaani kamera na kompyuta inayoonyesha kwenye picha mahali ncha ya kifaa ilipo, una faida kubwa pale maumbile yalipokaa vibaya, koklea ilipoota mfupa baada ya homa ya uti wa mgongo, au sikio lilipokwisha kupasuliwa zamani. Unahitajika pia kama unataka kutoboa tundu moja jembamba tu hadi koklea, kama walivyofanya kwa roboti madaktari wa hospitali ya Inselspital, Bern, Uswisi, mwaka 2016, kwa drili ya milimita 1.8.

1. Soma picha za awali. CT skani inakuonyesha mfupa. MRI inakuonyesha kama koklea bado ina majimaji na kama neva ya kusikia ipo. Neva isipokuwepo, kipandikizi cha koklea hakitamsaidia mgonjwa huyo.

2. Funga skrubu. Mgonjwa akishalala, weka skrubu ndogo za titani kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, tano ukiweza, zikiwa zimetawanyika kuzunguka njia ya drili; ndizo alama za kulinganishia picha na kichwa. Usitumie alama za kubandika kwenye ngozi kwa kazi hii: ngozi inavutika, na kosa linafika milimita nzima au zaidi. Kwa mtoto, skrubu ziwe fupi, fuvu lake ni jembamba.

3. Piga picha upya, chora njia. Picha hii ndiyo yenye skrubu, na vipande vyake viwe vyembamba kabisa. Weka alama kwenye neva zote mbili, kuta za mfereji, vifupa vya sikio na dirisha duara (mlango mdogo wa koklea). Kisha vuta mstari hadi dirishani. Mpango wa Bern ulitaka angalau milimita 0.4 kati ya ukingo wa tundu na neva ya uso. Isipopatikana, acha tundu jembamba, rudi kwenye upasuaji wa kawaida.

4. Oanisha picha na mgonjwa. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiharakishwe na mtu. Alama ya kufuatiliwa na kamera ifungwe kwenye fuvu, si kwenye kitanda, ili kichwa kikisogea nayo isogee. Gusa skrubu moja moja kwa kijiti cha kuonyeshea kinachofuatiliwa na kamera. Egemeza mkono, ncha yake ikae katikati kabisa ya kishimo cha skrubu, si ukingoni. Usibonyeze. Subiri nambari kwenye skrini itulie ndipo ukanyage pedali ya kurekodi.

Tumia skrubu nne, ya tano ibakize. Kompyuta itakupa nambari ya kosa, nayo mara nyingi inapendeza, lakini inapima tu jinsi zile nne zilivyolingana. Haikwambii kosa lililopo kule ndani karibu na neva. Gusa ya tano: skrini ikiionyesha mbali zaidi ya nusu milimita, anza upya.

5. Toboa kwa vituo. Mwambie daktari wa usingizi mapema asitumie dawa ya kulegeza misuli ya muda mrefu, la sivyo kipima neva (kifaa kinachoichokoza neva ya uso kwa umeme na kusikiliza misuli ikijibu) hakitasema kitu. Ingiza drili kidogo, itoe, mwagia maji, safisha unga wa mfupa. Joto peke yake linaweza kuiua neva bila kuguswa. Milimita chache kabla ya kufika usawa wa neva ya uso, simama. Piga picha ukiwa na kijiti cha chuma ndani ya tundu, upime umbali halisi, kisha pima neva kwa umeme. Kimojawapo kikikutia shaka, fungua mfupa uone kwa macho.

6. Ingiza elektrodi. Taratibu, kwa mwendo mmoja, kupitia dirisha duara. Ikikataa, usisukume. Halafu pima ukinzani wa umeme wa kila nukta ya elektrodi na mwitikio wa neva ya kusikia, na upige picha ya mwisho kabla mgonjwa hajaamshwa. Ncha iliyojikunja inaonekana wazi kwenye picha hiyo, na bado unaweza kuitoa na kuirudisha.