SOMO: Gari lako la spoti limeibwa, fanya haya kwa mpangilio huu

Wakuu, habari za muda huu. Somo hili nilitakiwa kuliandika zamani, ila kila nikianza nilikuwa napandwa na hasira. Gari langu la milango miwili, nililolihangaikia miaka minne, liliondoka usiku kimya kimya huku ufunguo ukiwa ndani ya nyumba. Lilipatikana siku ya tatu. Nitaeleza lilivyopatikana, lakini kwanza shikeni jambo moja: gari la spoti kuliiba ni rahisi, kuliuza likiwa na jina lake ndiyo kazi. Gari la kawaida linapotea katikati ya mengine elfu. Hili la kwako likipita, watu wanageuza shingo. Kwa hiyo mwizi ana njia tatu: alichinje liwe spea, aliingize kwenye kontena livuke mpaka, au alivishe namba za gari lingine la aina hiyo hiyo. Zote zinataka muda, na hatua zote hapa chini ni za kumnyima huo muda.

HATUA YA 1: Hakikisha kweli limeibwa
Dakika tano zinatosha. Uliza wa nyumbani, uliza fundi, uliza wanaosimamia maegesho kama limevutwa, na kama lina mkopo uliza wanaokudai. Kuna mwenzetu alitangaza wizi kumbe mkewe kalipeleka kuoshwa, na polisi walikuwa wameshaanza kulitafuta. Wakati unapiga simu, usikanyage pale lilipokuwa limeegeshwa. Vioo vilivyovunjika, kipande cha plastiki ya bampa, alama za matairi, vyote vipige picha viache hapo hapo. Ukiona plastiki ya upinde wa gurudumu la mbele imetupwa chini, waambie polisi kwa msisitizo. Sababu iko kwenye maswali.

HATUA YA 2: Polisi, ukiwa na namba sahihi
Hapa ndipo wengi tunajiangusha wenyewe. Watu wanatoa namba ya usajili, rangi, basi. Namba ya usajili ni kibati cha skrubu mbili, kinabadilishwa kabla hujaamka. Jina halisi la gari ni namba ya chasisi. Kwa magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 ina tarakimu na herufi 17, na haina kabisa herufi I, O wala Q, makusudi ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona kwenye taarifa yako kuna O, ujue ni sifuri iliyoandikwa vibaya, na gari unaloripoti halipo duniani. Mimi yangu iliandikwa S palipotakiwa 5. Niligundua kwa sababu nilimwomba afande anisomee herufi moja moja. Aliudhika kidogo, akarekebisha.

Ongeza namba ya injini, na ya giaboksi kama unayo. Omba gari liingizwe kwenye orodha ya taifa ya magari yaliyoibwa. Kama unahofia litavuka mpaka, omba pia lipelekwe kwenye kanzidata ya magari ya wizi ya Interpol, shirika la polisi wa kimataifa. Wewe binafsi huwezi kuliingiza huko, ni polisi wanaolipitisha kwenye ofisi yao ya taifa ya Interpol. Usiondoke bila namba ya taarifa. Kila mlango utakaobisha baada ya hapo wataiuliza.

HATUA YA 3: Programu ya simu na traka (kifaa cha kuonyesha gari liko wapi)
Magari mengi ya sasa yana laini ya simu ndani yake. Fungua programu, angalia liko wapi, piga picha ya skrini yenye saa. Badili nywila. Usiliondoe gari kwenye akaunti, na usibonyeze honi au taa kwa mbali eti umtishe, utakuwa unamwambia kwamba unamwona. Mtengenezaji mwenye huduma ya kufuatilia gari lililoibwa mara nyingi atataka ile namba ya taarifa kwanza, kisha ataongea na polisi moja kwa moja.

Sasa sikilizeni. Ukiona ile nukta kwenye ramani imesimama mahali, USIENDE. Wezi wazoefu wana kawaida ya kulipoza gari: wanaliacha siku moja mbili mahali pa wazi, maegesho ya hospitali au uani mwa maghorofa, halafu wanaangalia kama kuna mtu atakuja. Asipokuja mtu, wanajua halina traka, ndipo wanalipeleka wanakotaka. Kwa hiyo gari lililosimama ni habari njema, ila huenda kuna jicho linalitazama. Wapigie polisi, wape ramani, subiri. Najua moyo unavyokwenda. Gari lina bima, wewe huna spea.

HATUA YA 4: Nyumba
Fupi tu. Gari limeondoka na rimoti ya geti, na kwenye ramani yake kuna sehemu imeandikwa "Nyumbani". Badili rimoti leo, na kitasa pia kama funguo zilikuwa ndani.

HATUA YA 5: Bima
Ripoti siku hiyo hiyo. Watataka funguo zote, ule wa akiba ukiwemo. Ufunguo mmoja ukikosekana maswali yanaongezeka, na wana haki ya kuuliza. Sema ukweli hata ukikuuma. Kama ulishuka ukaacha injini inaunguruma, sema hivyo, maana uongo mdogo ukigundulika unaua dai zima.

Kisha soma mkataba wako kuhusu thamani. Kuna bima ya thamani mliyokubaliana tangu mwanzo, na kuna bima ya bei ya soko siku ya tukio. Kwa gari la kawaida tofauti ni ndogo. Kwa gari adimu ni maumivu, kwa sababu mtathmini anaweza kulipima kwa umri na kilomita kama anapima gari la kubebea mizigo. Mpelekee ushahidi: bei za minada ya magari kama lako, kumbukumbu za matengenezo, risiti za rimu na vingine ulivyoongeza. Tathmini ya kwanza si msahafu. Vitu ulivyofunga bila kuwaambia bima usitegemee kulipwa, na vingine vinaweza hata kukuletea matatizo. Kama lina mkopo, endelea kulipa marejesho, deni haliibwi pamoja na gari.

HATUA YA 6: Lipazie jina
Hatua hii ndiyo iliyonirudishia langu. Siku ile ile niliandika orodha ya alama zake: mchubuko chini ya mlango wa kushoto, uzi wa kiti ulioshonwa upya kwa rangi isiyofanana sawasawa, na kofia ya katikati ya rimu ya nyuma ambayo ni ya toleo la zamani. Nikatuma kwa klabu za aina ya gari langu, mafundi wanaozijua, na wauza spea. Siku ya tatu mwanaklabu mmoja akalipita limeegeshwa nyuma ya maghorofa, limewekwa namba nyingine. Hakutazama namba. Alitazama ile kofia ya rimu.

Ila bakiza alama moja usimwambie mtu yeyote isipokuwa polisi. Watapiga watu wakisema "gari lako ninalo, tuma kwanza hela". Muulize kuhusu ile alama. Matapeli wote walionipigia waliishia hapo.

HATUA YA 7: Likipatikana
Usiliwashe. Polisi wachukue kwanza alama za vidole, kisha lipakiwe kwenye gari la kubeba, si kuendeshwa. Fundi akague breki, usukani, mifuko ya hewa kama bado ipo, oili, na nyaya zilizokatwa. Funguo zote zifutwe kwenye kompyuta ya gari na zisajiliwe upya, la sivyo mwizi bado ana wake. Mwisho, hakikisha polisi wamelitoa kwenye orodha ya wizi. Mimi nilisimamishwa mara mbili nikiwa naendesha gari langu mwenyewe, mara ya pili nikawekwa mikono juu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Ufunguo ulikuwa ndani, wao walilifunguaje?

Jibu: Kuna njia kuu tatu. Ya kwanza ni kurefusha mawimbi. Gari la kubonyeza kitufe huita ufunguo kwa mawimbi dhaifu yanayofika hatua chache tu. Mwizi mmoja anasimama karibu na ukuta wa nyumba na kifaa, mwenzake yuko kwenye mlango wa gari, vifaa vinapitisha mazungumzo na gari linaamini ufunguo upo. Kinga yake ni kuuweka ufunguo kwenye mfuko au kopo linalozuia mawimbi, kisha ukijaribu: sogelea gari ufunguo ukiwa ndani ya kopo, gari lisifunguke. Njia ya pili ni soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi, ile anayochomeka fundi. Ukishaingia ndani, unasajili ufunguo mpya hapo. Ya tatu ndiyo ile ya plastiki ya gurudumu niliyoahidi. Wanachokonoa hadi kwenye nyaya za taa ya mbele, wanaunganisha kifaa kinachodanganya mtandao wa ndani wa gari kwamba ufunguo umethibitishwa. Hii ilielezwa hadharani na wataalamu mwaka 2023. Mfuko wa ufunguo hausaidii hapo. Kinachosaidia ni kufuli la chuma la usukani au swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta.

Swali: Bosi, bima walinilipa, na miezi minane baadaye gari limepatikana. Si ni langu?

Jibu: Kwa kawaida hapana. Ukishapokea fidia kamili umiliki unahamia kwao. Ndiyo maana kabla ya kusaini unaomba kwa maandishi uwe wa kwanza kuuziwa likionekana. Kuna Corvette ya 1968 iliibwa New York mwaka 1969, ikaja kunaswa California mwaka 2005 ikiwa inaelekea kupakiwa kwenda Sweden. Ilirudi kwa mwenyewe baada ya miaka zaidi ya 36, kwa sababu alikuwa hana bima ya wizi. Bahati ya ajabu. Usiige kukosa bima.

Swali: Traka yangu ilizimika dakika kumi baada ya wizi. Pesa yangu imekwenda bure?

Jibu: Si bure kabisa, hiyo nukta ya mwisho inaonyesha walielekea wapi. Walichofanya ni kung'oa betri ya gari au kuwasha kifaa cha kuziba mawimbi. Tena gari likiwa ndani ya kontena la chuma, mawimbi ya setilaiti hayapiti vizuri. Mimi siku hizi nina mbili: moja imeungwa kwenye gari, ni ya kuonekana, waikute waridhike. Nyingine ina betri yake, imefichwa mbali na nyaya, inaamka mara chache kwa siku kisha inalala. Nani kaifunga? Mimi mwenyewe. Sijamwonyesha hata fundi.

Swali: Kaka, nimeona gari linalofanana na langu kabisa linauzwa mtandaoni, namba tofauti. Nimpigie muuzaji?

Jibu: Usimpigie, dada, wala usijifanye mnunuzi. Tangazo litafutwa ndani ya dakika. Hifadhi picha zote, kiungo, na saa, peleka kwa mpelelezi wako. Kuza picha utafute zile alama zako. Anayevisha gari namba za lingine hubadilisha zile zinazoonekana kwenye kioo cha mbele na mlangoni, lakini namba iliyogongwa kwenye chuma na ile ya giaboksi zinamsumbua. Mwaka 1995 Ferrari F512M ya dereva wa Formula 1 Gerhard Berger iliibwa Italia wakati wa mashindano ya Imola. Ilipelekwa Japan, baadaye ikaingia Uingereza. Kilichoifichua ni ukaguzi wa Ferrari wenyewe pale mteja wa Marekani alipotaka kuinunua, na polisi wa London wakaishika. Habari ilitangazwa 2024. Mwandikie mtengenezaji na klabu pia, wao ndio huulizwa historia ya gari kabla halijanunuliwa.

Swali: Langu ni la 1972, halina kompyuta wala rimoti. Nipo salama?

Jibu: Salama kwa wenye vifaa vya umeme, si kwa wenye gari la kubebea magari. Wanalinyanyua wanaondoka nalo. Geuza magurudumu ya mbele kuelekea ukutani, ondoa kitu kidogo ambacho bila hicho injini haiwaki, kama rota ya distribyuta, ulale nayo, na jua kwamba namba yako ya chasisi ni fupi, kila mtengenezaji wa zamani alikuwa na mtindo wake. Iandike kama ilivyo, usiruhusu mtu "aikamilishe". Na usidhani la zamani halifichiki: Ferrari Dino ya 1974 iliyoripotiwa kuibwa ilifukuliwa mwaka 1978 kutoka ardhini, uani mwa nyumba moja Los Angeles. Ilikuwa imezikwa nzima.

Swali: Mkuu, mimi ni mwezi wa tatu sasa, mpelelezi hapokei tena simu. Nikate tamaa?

Jibu: Hapana. Nenda ana kwa ana mara moja kwa mwezi, ukiwa na karatasi moja tu yenye namba ya taarifa na ya chasisi, uulize kama rekodi bado ipo hai kwenye mfumo, maana huwa zinafutwa kimakosa. Rudia matangazo kwa wauza spea. Gari likichinjwa, viti na rimu ndivyo huonekana sokoni mapema. Na ile alama yako ya siri, bado hujamwambia mtu? Vizuri. Usituandikie hapa.