Jinsi ya Kupima Kama Kadi Mpya ya Grafiki Itatoshea Ndani ya Kasha la Kompyuta

Mnunuzi wa kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachotengeneza picha zinazoonekana kwenye skrini, anayezunguka katika maduka ya Moi Avenue au Luthuli Avenue jijini Nairobi aghalabu huulizwa ana shilingi ngapi na anataka kucheza mchezo gani. Ni nadra kuulizwa kasha lake lina nafasi kiasi gani. Swali hilo la tatu ndilo linalopaswa kutangulia, kwa maana jina lililoandikwa kwenye boksi halielezi ukubwa wa kadi. Chukua RTX 3060, chipu ya grafiki ya NVIDIA ambayo kampuni mbalimbali huitengenezea kadi: ya Zotac ya muundo wa Twin Edge ina urefu wa takriban milimita 224, ilhali RTX 3060 ya ASUS ya muundo wa ROG Strix ina milimita 300, ingawa zote mbili hubeba jina moja la chipu. Kwa hivyo, anayekuhakikishia kwamba "3060 inaingia" bila kutaja mtengenezaji na muundo hajakusaidia kwa lolote.

Kwanza tambua una kasha la aina gani. Wengi jijini hutumia kompyuta za ofisi zilizoingizwa nchini zikiwa zimeshatumika, kama vile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, na mashine hizi huwa na maumbo kadhaa chini ya jina moja. OptiPlex 9020, kwa mfano, ilitolewa kama mnara wa kusimama, kama kasha jembamba linaloweza kulazwa chini ya monita, na pia kama kisanduku kidogo ambacho hakina sloti (nafasi ya kuchomekea) ya kadi ya grafiki hata moja. Mwenye kisanduku hicho, sawa na mwenye kipakatalishi, hana haja ya kupima chochote.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyosalia iishe. Fungua kifuniko cha ubavuni na uguse chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine chochote ndani. Itafute sloti ya kadi ya grafiki kwenye ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote: ni ile ndefu, yenye urefu wa karibu milimita 89, na kwa kawaida ndiyo ndefu iliyo karibu zaidi na prosesa. Kama tayari kuna kadi ya zamani, iache ilipo kwa sasa, kwa sababu itakuonyesha kadi mpya itakaa kwenye mstari gani.

Kipimo cha urefu ndicho kinachowaangusha wengi. Weka mwanzo wa rula kwenye ukuta wa nyuma wa kasha, kwa upande wa ndani, pale ambapo bamba la kadi hufungwa kwa skrubu, kisha pima moja kwa moja kuelekea mbele, kwenye usawa wa sloti yenyewe, hadi utakapogonga kizuizi cha kwanza. Usipime juu ya sloti wala chini yake, kwa sababu kizuizi chenyewe huenda kikawa kwenye usawa huo tu: fremu ya diski, feni ya mbele, rejeta ya mfumo wa kupoza kwa maji, au plagi ya USB iliyosimama pembeni mwa ubao mama. Tumia milimita, kwani ndizo watengenezaji wanazoandika, na uchague rula ya chuma au tepu ya fundi badala ya futi ya kitambaa ya mshonaji, ambayo hulegea kadiri inavyozeeka.

Hapa ndipo urefu unaotangazwa na mtengenezaji wa kasha unapoweza kukupoteza. Mara nyingi takwimu hiyo hupimwa kasha likiwa halina kitu upande wa mbele. Feni ya kawaida ina unene wa milimita 25, na rejeta nyingi zina unene wa takriban milimita 27. Ukiviweka vyote mbele, kasha lililotangazwa kuwa linapokea kadi ya milimita 330 limebaki na 278. Kadi ya milimita 300 ambayo kwenye karatasi ilikuwa na nafasi tele sasa haiingii. Kwa hiyo amini zaidi kile ulichokipima ndani ya kasha lako jinsi lilivyo leo, kisha uache angalau milimita 10 za ziada, maana kadi haiingii ikiwa imenyooka. Huinamishwa kidogo kwanza, ndipo ikashuka kwenye sloti.

Ikiwa tofauti ni ndogo mno kiasi cha kutia shaka, tengeneza mfano wa kadi kwa katoni. Kata vipande vya katoni vyenye urefu na kimo (kipimo cha kutoka kwenye sloti kuelekea kwenye kifuniko) cha kadi unayoitaka, vibandike kimoja juu ya kingine hadi vifikie unene wake, kisha jaribu kuuingiza mfano huo mahali ambapo kadi itakaa. Katoni ikikwama kwenye ukingo wa fremu ya diski, utaona palepale kama fremu hiyo inafunguka kwa skrubu au imepigwa ribiti. Fremu ya skrubu huondolewa kwa bisibisi na diski ikahamishiwa kwingine, lakini iliyopigwa ribiti ni heri iachwe kama ilivyo na kadi fupi itafutwe. Kukata chuma karibu na ubao mama si kazi ninayoweza kumshauri mtu aifanye nyumbani.

Unene huhesabiwa kwa sloti, na nafasi kati ya sloti moja na inayofuata ni milimita 20.32. Kadi inayotangazwa kuwa ya sloti mbili na nusu itachukua nafasi ya tatu, hata kama haiigusi yote. Angalia basi ni nini kilicho chini ya sloti kuu: kadi ya Wi-Fi, kadi ya sauti, au plagi za diski ambazo zitafunikwa. Katika baadhi ya makasha membamba ya ofisi, sloti kuu iko ubavuni mwa pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kabisa, hivyo kadi ya unene wa sloti moja tu ndiyo inayoweza kukaa.

Kimo nacho kina mambo mawili. Katika kasha jembamba, bamba la nyuma lina kimo cha karibu milimita 80, ilhali bamba la kawaida lina takriban milimita 120, na hakuna ujanja wa kulilazimisha la pili kuingia mahali pa la kwanza. Tafuta kadi ya kimo kifupi, na uulize kama bamba fupi limo ndani ya boksi, hasa kadi inapouzwa ikiwa imetumika, kwani bamba hilo hupotea kwa urahisi. Katika mnara wa kawaida tatizo ni plagi ya umeme, ambayo kwa kadi nyingi hutokeza upande wa kifuniko. Kadi ya milimita 134 huhitaji nafasi nyingine juu yake ili nyaya zipinde bila kubanwa, na kwa plagi mpya ya pini 16 inashauriwa waya usipindwe kabla ya kufika milimita 35 kutoka kwenye plagi. Pima kutoka kwenye sloti hadi kwenye kifuniko kikiwa kimefungwa. Kifuniko kinachofungwa kwa kusukumwa na goti ni ishara kwamba nyaya zimebanwa.

Kadi inaweza kutoshea kabisa na bado isiwake. Sloti hutoa wati 75 pekee. Plagi ya pini 6 huongeza 75 na ya pini 8 huongeza 150. RTX 3060 hutumia wati 170, na NVIDIA hupendekeza pawa saplai ya wati 550. Linganisha na OptiPlex 9020, ambayo pawa saplai yake ni ya wati 290 kwenye mnara na 255 kwenye kasha jembamba, tena plagi yake ya ubao mama si ile ya kawaida, kwa hivyo huwezi kununua pawa saplai yoyote dukani na kuibadilisha bila adapta. Kwa mashine kama hizo, kadi zisizohitaji plagi ndizo za kuangaliwa, mathalani RX 6400 ya AMD ya wati 53, au RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70, ambazo zote hupatikana pia katika kimo kifupi. Ukiuziwa adapta inayogeuza plagi ya SATA, ile ya kupeleka umeme kwenye diski, kuwa ya pini 6, ikatae: plagi ya SATA imekusudiwa kubeba wati 54 kwenye laini ya volti 12, nayo pini 6 inaweza kudai 75, na plastiki ndiyo itakayoyeyuka.

Ukiwa na vipimo vyako vitatu na idadi ya wati, mwandikie muuzaji kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa: "Habari yako kaka, naomba jina kamili la kadi kama lilivyo kwenye kibandiko cha nyuma, urefu, kimo na unene wake kwa milimita, na picha inayoonyesha plagi za umeme." Linganisha majibu yake na tovuti ya mtengenezaji, kwa kuwa matangazo mengi ya mtandaoni hunakili vipimo vya muundo mwingine. Kisha kubalianeni kwa maandishi kama kadi inaweza kurudishwa isipotoshea, na ndani ya siku ngapi, kabla mwenye bodaboda hajaondoka nayo dukani.